Dadu ya Nyuso Mia

Mpishi alitupa dadu kwa niaba ya Shangazi, ikatoka kumi na tisa, na meza nzima ikapiga makofi isipokuwa Shangazi mwenyewe. Yeye alikaa ameikodolea macho ile kumi na tisa kama mtu aliyeletewa barua ya jirani.

Walikuwa watu wanne, kila Jumamosi mchana, sebuleni kwa Wifi, mke wa kaka yake Shangazi, na mchezo wao ulikuwa wa kusimulia. Kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi, mtoto wa kaka yake Shangazi, ambaye siku za kazi huchora ramani za nyumba, anaeleza hatari iliyo mbele. Mchezaji anasema atafanya nini. Kisha dadu ya pande ishirini inaamua kama amefanikiwa au imekula kwake. Meza ina sheria moja isiyo na mjadala: dadu lazima ibiringike mpaka iguse ukingo wa sinia upande wa pili. Ikidondoka tu hapo hapo, haihesabiwi.

Sasa Shangazi alikuwa na baridi yabisi ya mikono yote miwili. Miaka thelathini alikuwa fundi saa, anashika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele bila kupumua, na leo vidole vimekunjamana, vimegoma. Jumamosi hiyo alijaribu mara nne. Mara mbili dadu ilinasa kiganjani, ya tatu ikaanguka chini ya meza, ya nne ikadondoka puu, haikujipindua hata mara moja. Ndipo Mpishi, jitu linalopikia hospitali nzima na lenye moyo mkubwa kuliko masufuria yake, akainyakua. “Usijali, Shangazi, mimi nipo.” Alikuwa na nia njema kabisa, na hilo ndilo lililouma.

“Jumamosi ijayo siji,” Shangazi alisema akisimama. “Ile ya baada yake nakuja, na nitatupa mwenyewe. Nikishindwa, hiki kiti mtafutieni mtu.”

“Shangazi, si simu ipo?” Msimulizi alisema. “Unaigusa tu, inakupa namba.”

“Basi muikaribishe simu, muipe na chai. Mimi nibaki nyumbani.”

“Na kikombe je?” akauliza Wifi. “Unakiinamisha tu.”

“Na nani atanitilia dadu ndani ya kikombe, wifi? Wewe? Halafu kesho unitilie na uji mdomoni?”

Akaondoka. Wifi, mama yake Msimulizi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu lakini hajaacha kusahihisha watu, alimfuata mpaka kwake bila kualikwa. Wifi hasubiri kualikwa.

Nyumbani kwa Shangazi kulikuwa na kabati la zamani la fundi saa, lenye droo ndogo arobaini. Zamani zilijaa magurudumu na mishale ya saa. Kwa miaka kumi na tano zimejaa dadu. Ilikuwa anasa yake ya pekee, na aliichukulia kama kazi. Dadu haikuingia kabatini kwa sababu ya rangi. Kwanza aliiweka ielee kwenye glasi ya maji yaliyotiwa chumvi mpaka yakawa mazito, akaigusa izunguke. Ikirudi juu na uso ule ule kila mara, ina uzito upande mmoja, ni mwongo, inarudi ilikotoka. Kisha alizikagua kona kwa kile kioo cha fundi kinachobanwa jichoni. Mwisho aliitupa mezani na kusikiliza. Alipenda dadu yenye kona kali inayogonga mara tatu na kusimama, isiyopoteza muda wa watu. Alikuwa nazo za shaba, za pembe la ng'ombe, za jiwe la kijani, moja ya pande saba ambayo watu waliapa haiwezekani, na moja aliyoiumba mwenyewe kwa gundi inayokauka ikawa ngumu, ikiwa na gurudumu la saa katikati.

Jioni hiyo alizijaribu zote za pande ishirini, droo baada ya droo. Wifi alikaa kiti cha pili na kuzirudisha. Ya shaba ilikuwa nzito, ikamwangukia pajani. Ya pembe iliteleza. Ya jiwe ilikaa pale pale ilipotua, imara kama mgeni asiyetaka kuondoka. Kona zile zile kali alizokuwa akizisifu ndizo zilizomsaliti: zinataka mkono wa kuzirusha, na mkono haupo.

“Nimezichagua mwenyewe,” alisema. “Moja moja. Na hakuna hata moja inayonitaka.”

Machozi yalimlenga, akayafuta kwa mkono wa nguo. Wifi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo ya chini kabisa. Droo hiyo ilikuwa na karatasi iliyoandikwa “Upuuzi”.

“Hili nalo ni nini? Mpira?”

Lilikuwa dude la ukubwa wa limau, limekatwa nyuso ndogo mia moja, kila uso na namba yake. Shangazi alilipata miaka mingi iliyopita, akalitupa mara mbili, akaliona ni kichekesho. Halisimami! Linabiringika mpaka mtu anasahau alikuwa anauliza nini. Wifi aliliweka mezani, nalo likaanza kwenda lenyewe, taratibu, kwa sababu meza ilikuwa imeinama kidogo tu. Shangazi alinyoosha mkono kulizuia. Kitako cha kiganja kikaligusa, likaruka upande wa pili na kugonga kabati.

Wifi akaenda kuliokota.

“Rudisha,” alisema Shangazi.

Akalisukuma tena, kwa kitako cha kiganja, bila kidole hata kimoja. Likaenda. Tena. Likaenda.

“Lakini lina mia,” alisema. “Mchezo unataka ishirini.”

“Wifi, nimefundisha kugawanya miaka thelathini na mitatu,” alijibu mwenzake, akiwa ameshachukua kalamu. “Moja mpaka tano ni moja. Sita mpaka kumi ni mbili. Endelea hivyo, tisini na sita mpaka mia ni ishirini. Hata Mpishi ataelewa, tukimchorea.”

Mtu mwingine angelala hapo na furaha yake. Shangazi hakuwa mtu huyo. Aliliweka dude lielee kwenye maji ya chumvi, likazunguka vizuri, lakini hakuridhika. Lile linaweza kuwa na upendeleo mdogo usioonekana, na yeye hatapeleka mezani dadu ambayo hawezi kuiapia. Wifi akapiga hesabu: likitupwa mara elfu moja, kila fungu la namba tano lingetokea kama mara hamsini, likizidi kidogo au kupungua.

“Basi elfu,” alisema Shangazi. “Mia kwa siku.”

“Kwa mkono huo?”

“Una mwingine wa kuniazima?”

Wakaanza kesho yake baada ya chakula cha mchana. Shangazi anasukuma, anabana kioo jichoni, anasoma. Wifi anachora kistari. Siku ya kwanza dadu ilikimbilia chini ya kabati mara kumi na moja, na Wifi akatambaa mara kumi na moja, akilaani ukoo mzima alikoolewa, yaani ukoo wa Shangazi mwenyewe. Siku ya pili wakaweka vitabu kuzunguka meza. Siku ya nne kifundo cha mkono wa kulia kilivimba kikawa chekundu, na Wifi akaweka kalamu chini.

“Imetosha. Unajiumiza kwa ajili ya mchezo.”

“Mchezo?” Shangazi alimgeukia. “Saa zimeniacha. Vifungo vya blauzi unanifungia wewe. Barua zangu anaandika mwanao. Mahali pamoja tu nilikuwa bado naamua jambo, nalo ni pale mezani. Chukua kalamu.”

Akahamia mkono wa kushoto. Siku ya sita akajifunza kusukuma kwa upande wa kiganja, ambako hakuumi sana. Siku ya kumi, kistari cha elfu moja kilipochorwa, Wifi alijumlisha mara mbili. Fungu lililotokea mara chache zaidi lilikuwa na thelathini na tisa, lililozidi lilikuwa na sitini na moja. Hakuna namba iliyopendelewa.

“Ni ya haki,” alisema Wifi.

“Najua,” alisema Shangazi, na akalala usingizi mzito.

Jumamosi ikafika. Mhusika wa Shangazi aliitwa Komeo, mlinzi wa lango, na alikuwa naye kwa miaka tisa. Siku hiyo Komeo alikuwa ameshika mnyororo wa lango la chuma huku wenzake wakipita chini yake, na ngome yote inaporomoka.

“Unahitaji kumi na moja kwenda juu,” alisema Msimulizi. “Ukikosa, lango linashuka, na wewe uko chini yake.”

Shangazi aliweka dude kwenye sinia. Mpishi akainuka nusu, tayari kusaidia. Wifi akamrudisha chini kwa jicho moja. Kiganja kikasukuma. Dadu ikaenda, ikagonga ukingo wa pili, ikarudi, ikazunguka, ikazunguka tena, mpaka iliposimama. Shangazi alibana kioo jichoni, akainama.

“Saba.”

“Saba ni mbili,” alisema Wifi, polepole.

“Aa, hiyo haikutulia vizuri,” Mpishi akadakia. “Mmeona? Sinia limecheza. Rudia, Shangazi.”

“Na kusema kweli dadu hii ni siku yake ya kwanza hapa,” Msimulizi aliongeza bila kumtazama. “Tuseme hii ilikuwa ya majaribio.”

“Majaribio nimefanya elfu moja!” Shangazi alipiga meza kwa kiganja kile kile kinachouma. “Ingetoka tisini na saba, mngeniambia nirudie?”

Wifi akaonyesha upande wa pili wa sinia kwa kidole.

“Imegusa ukingo,” alisema Wifi. “Inahesabiwa.”

Msimulizi akasimulia, na hakumhurumia. Alisimulia mnyororo ukiponyoka, kelele za chuma, vumbi, wenzake Komeo wakigeuka wakiwa wamechelewa, na kofia yake peke yake ikibiringika nje ya lango. Sauti ilimkatika mwishoni, lakini alifika mwisho.

Shangazi alilia waziwazi, kamasi na yote. Miaka tisa! Na katikati ya kilio alihisi furaha ambayo hakuwa ameionja tangu vidole vianze kukunjika. Tangu siku ile kila mtu alikuwa akimpa, akimfungia, akimshikia, akimwachia. Leo amenyimwa kitu, mbele ya watu, kama mtu mwingine yeyote.

Mpishi alikuwa ameishika dadu yake bila kuitupa, anamtazama kwa macho mekundu.

“Zamu yako,” Shangazi akamwambia, akivuta kiti karibu na meza. “Na utupe vizuri. Sisi marehemu tunaangalia.”