Shuka la Colette

Jumanne asubuhi Colette Nyiraneza alikuwa anaanika shuka nyuma ya nyumba yake huko Kashebere, karibu na maharage, jua lilipompenya mgongoni na kuchora matumbo yake yote kwenye kitambaa. Alimaliza kwanza kubana vibanio, ndipo akamwita Jean-Marie, muuguzi wa kituo cha afya.

Mwaka mzima Jean-Marie alikuwa akimpa dawa za minyoo. Aliitazama picha, akavua kofia. Chini, upande wa kulia, kidole tumbo kilikuwa na uvimbe uliojaa ute, mnene kama muhogo mchanga. Alisema ukipasuka utamwaga ute tumbo zima, kwa hiyo ukatwe mapema. Kisha akaomba radhi kwa zile dawa.

Colette alikunja shuka, akapanda pikipiki hadi hospitali ya Walikale. Huko kulikuwa na skana iliyozinduliwa miaka minne iliyopita kwa hotuba na soda. Ilikuwa bado sandukuni, na juu ya sanduku wafanyakazi waliweka chupa za chai. Skana ilisubiri fundi, fundi alisubiri barabara, na barabara inasubiri nini, kila mtu wa Walikale anajua.

Akatundika shuka uani, akaligeuzia jua mgongo. Daktari Darius alitoka, akakubali kwamba huo ni uvimbe.

"Lakini Mama, bila karatasi ya mashini, siwezi kupasula."

"Basi miye njo mashini. Andika, dokta."

Hakuandika. Colette alikasirika, na hakurudi nyumbani. Kila asubuhi alisimama palepale, akachora kwa makaa kwenye shuka ukingo wa uvimbe wake, mstari mmoja kwa siku, kila mmoja ukiuzunguka wa jana. Wagonjwa wengine wakapanga foleni, maana shuka halikubagua. Mkurugenzi wa hospitali alimtuma Mama Victorine wa kufulia aliondoe shuka. Victorine alisimama mbele ya shuka kidogo, akaona mawe kwenye figo zake, akarudi na vibanio zaidi.

Siku ya kumi na tisa mkurugenzi alikuja mwenyewe, akaligonga shuka muhuri katikati. Sasa lilikuwa mali ya hospitali. Colette akamwambia daktari aandike basi. Mkurugenzi akaeleza kwa upole kwamba karatasi lazima isainiwe na fundi wa skana, naye hajafika.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na jua zuri. Colette alichukua makaa, akachora mstari wa ishirini. Ulipita juu ya muhuri.