Mkungu wa Kinyozi

"Na mimi nakwambia kwa mara ya mwisho, jirani. Huo mti ukilala, utalala kitandani kwa mjukuu wangu, si kwako."

Fundi cherehani aliyasema hayo na pini mbili amezibana midomoni. Watu wa mtaa ule walishazoea. Pini hazikuwahi kumzuia kusema, zilimfanya aseme kwa upande mmoja tu. Alikuwa amesimama kwenye ukuta mfupi unaotenga nyua zao, futi ya kupimia shingoni, na nyuma yake bati la chumba cha mjukuu liligusana na tawi la mkungu kama watu wawili wanaonong'onezana.

"Umesimama miaka ishirini na mitano," alijibu mjane wa kinyozi. "Leo ndiyo uamue kulala?"

"Binadamu nao husimama miaka sabini, halafu?"

Pale kwenye njia watu walikuwa wameshakusanyika. Muuza mkaa alitua gunia lake akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba. Nani angepita amwache fundi cherehani katikati ya maneno?

Mjane aliutazama mti. Alijua umeinama, si kipofu. Tangu mvua za wiki iliyopita udongo wa upande wa kwake ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira, na shina limelala kuelekea kwa jirani. Lakini chini ya mkungu ule ndipo mumewe alipoweka kiti chake cha kunyolea, akapigilia msumari wa kutundikia kioo, akanyoa nusu ya vichwa vya mtaa na kusikiliza siri za nusu nyingine. Alikuwa na utani wake: mteja akilalamika kwamba nywele zimepunguzwa mno, humwambia asijali, kichwa ni chako, kitaotesha nyingine. Miaka mitatu sasa tangu azikwe. Kiti kilikwenda kwa shemeji yake, kioo kilipasuka. Mti ulibaki.

Tena si mti tu. Kila jioni marehemu alikuwa akiloweka vitana na taulo zake kwenye ndoo ya maji ya dawa ya kuua vijidudu, akisha humwaga maji yale pale pale penye kiti, mguuni mwa mkungu. Mti nao unywe, alikuwa akisema, umetupa kivuli siku nzima. Alipofariki, mkewe akaishika kazi ile. Aliifanya asubuhi, kabla mtaa haujachangamka. Aliviosha vitana vinne vilevile ambavyo tangu mazishi havikuwa vimegusa kichwa cha mtu, akapima dawa kwa kifuniko kama alivyomwona akipima, akamwaga palepale. Halafu hukaa kidogo kwenye benchi la wateja lililobaki pale. Ile robo saa ndiyo iliyokuwa ndoa yake iliyobaki.

Kwa hiyo fundi wa miti alipoingia, ameitwa na jirani, msumeno wa mashine begani na msaidizi wake nyuma amebeba kamba, mjane hakumkaribisha wala hakumfukuza. Fundi alikuwa mtu mkimya. Hakutazama juu kama wafanyavyo wengine. Alichukua kipande cha nondo akakichomeka ardhini karibu na shina, upande ule ulioumuka. Kilizama chote, mpaka vidole vyake vikagusa udongo, kama kinavyozama kisu kwenye papai bovu.

"Mama," alisema taratibu, "huu hauna wiki."

Mjane akageuka akaona dirisha la chumba cha jirani. Chandarua cheupe kilikuwa kimefungwa fundo, na chini yake mguu mmoja mdogo ulikuwa ukipiga hewa. Aliutazama mguu ule hata muuza mkaa akasahau kujifanya anafunga kiatu.

"Kata," akasema.

Hawakuuangusha, mti ulioegemea nyumba hauangushwi, unashushwa. Fundi alipanda na mkanda kiunoni, akafunga kamba kwenye tawi la kwanza lililokuwa juu ya bati, na msaidizi wake akaizungusha kwenye nguzo ya zege upande wa pili, akaegemea nyuma. Tawi lilikatwa, likaning'inia, likashuka polepole mpaka chini. Likaja la pili. Majani mapana, mengine yameshakuwa mekundu, yaliujaza uwanja wa mjane mpaka kizingitini. Jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia tangu aolewe. Walipofika kwenye shina, msumeno ulilia vibaya mara moja ukasimama. Fundi akatoa kipande cha msumari wenye kutu uliokuwa umemezwa na gome, akautazama, akautupa kwenye majani. Mjane aliuona ulipoangukia. Hakwenda kuuokota mbele za watu.

Alasiri kilibaki kisiki. Fundi alifukua pembeni yake kwa jembe, na hapo akaita watu waone. Mizizi ya upande wa jirani ilikuwa mizima, minene. Ya upande wa benchi ilikuwa myeusi, inavunjika kwa vidole.

"Huu mti haukuzeeka," alisema. "Umeuawa. Hapa palikuwa panamwagwa kitu, tena miaka. Sabuni kali, dawa, kitu cha namna hiyo. Nani alikuwa akimwaga?"

Mjane aligeukia nyumba yake. Ndoo ilikuwa pale mlangoni, vitana vinne vimepangwa ukingoni mwake. Alifungua mdomo.

"Mimi," alisema fundi cherehani.

Watu wote wakamgeukia.

"Maji ya rangi za vitambaa. Nilikuwa namwaga huko."

Fundi wa miti aliupima ukuta kwa macho. "Ukawa unaruka ukuta kuja kumwaga kwa mwenzio?"

"Nilikuwa naruka. Kwani wewe ni polisi?"

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwatosha watu siku tatu. Muuza mkaa alimwambia fundi cherehani kweli mchimba kisima huingia mwenyewe. Yule akamjibu aende akatafute kamba za viatu kwanza. Hakushtuka, hakutetereka. Aliusimamia uongo wake mpaka mtu wa mwisho akaondoka na gunia lake.

Ndipo mjane akaukaribia ukuta.

"Kwa nini umesema vile?"

Fundi cherehani alizitoa pini mdomoni, akazichomeka kifuani kwenye gauni. Bila pini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Cherehani yangu iko dirishani, dada. Nimekuona kila asubuhi na ndoo yako. Kwamba ni sumu, wallahi sikujua. Nilichojua ni kwamba uko na mumeo, na sikutaka kukukatisha."

"Nimeuua mwenyewe," mjane alisema. "Kwa mikono yangu. Na kila siku nilikuwa nafurahi."

Machozi yalimjia, ya miaka mitatu yote pamoja, na hapakuwa tena na shina la kuegemea. Jirani alizunguka ukuta, akapita juu ya majani, akamshika kiwiko.

"Twende kwangu. Chakula kiko mezani."

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Ingia ndani ule."