Sifuri Isiyo na Jina

Kompyuta ya Bertille ilikuwa na kumbukumbu ndogo, na mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Ilikuwa mashine kuukuu, iliyoachwa na mradi uliokwisha kufungwa, na biro, yaani ofisi, ya ufuatiliaji wa kipindupindu pale Kalemie haikuwa na nyingine ya kufanyia hesabu. Hifadhidata yenyewe ilikaa kwenye seva, kabati dogo la chuma lililonguruma kando ya betri za sola. Humo mlikuwa na taarifa za kila wiki za vituo vya afya vya mwambao na vya milimani, za miaka mingi: wagonjwa wapya, vifo, na jina la mtu aliyetoa taarifa. Bertille alipojaribu kulivuta jedwali lote ndani ya R, ile lugha ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya takwimu, mashine iliganda akalazimika kuizima kwa kidole.

Basi akajifunza njia nyingine. Badala ya jedwali zima aliomba safu moja tu, na hata hiyo safu haikuja; ilibaki kwenye hifadhidata. R ilipewa kitu kilichofanana na vekta ya kawaida, mfululizo wa namba wenye jina, unaoweza kujumlishwa na kuchorwa, ila ndani yake hakikuwa na namba hata moja. Ulipokiuliza thamani fulani, kilikwenda kuichota kwenye seva na kukuletea hiyo peke yake. Alipomweleza Docteur Olga, mkuu wa biro, alitumia mfano wa robine, bomba la kufungulia maji: maji yako kwenye tangi, wewe una robine tu, na nyumba haifuriki. Docteur Olga akasema ni vizuri, mradi grafiki zitoke kila Jumatatu.

Mfano ule ulikuwa sahihi. Bertille hakuufuata hadi mwisho wake.

Msimu wa mvua ulipokolea, radi iliangusha antena ya simu ya Zongwe, kijiji cha wavuvi upande wa kusini, kwenye njia ya maji iendayo Moba. Salomon, muuguzi mkuu wa kituo cha pale, alikuwa na mazoea ya kutuma taarifa kwa ujumbe wa simu ulioingia moja kwa moja kwenye hifadhidata. Wiki ile hakutuma. Mahali pa Zongwe pakabaki patupu, na pa vituo vichache vya milimani vilevile.

Katika biro ile, utupu ulikuwa na maana yake. Kwenye skrini ya stoo, ambako Papa Wilfried alipanga mizigo ya boti, kituo chenye wagonjwa kilionekana chekundu, kisicho na mgonjwa kijani, na kilichonyamaza kijivu. Mgeni angedhani kwamba chekundu ndicho hupakiwa kwanza. Hapana. Kijivu kilitangulia. Kanuni hiyo waliitunga wao wenyewe baada ya mlipuko mkubwa, walipotambua kwamba muuguzi aliyezidiwa hana mkono wa kushika simu. Kituo kilichonyamaza kilihesabiwa kuwa kinaumwa mpaka ithibitike vinginevyo, na boti ilitia nanga hapo hata kama hakuna aliyeiita.

Jumatatu, Docteur Olga alisimama nyuma ya kiti cha Bertille, miwani juu ya paji la uso.

"Bertille, hii grafiki iko na mashimo."

"Njo kwenye vituo hawajatuma taarifa, Docteur."

"Najua. Lakini wageni wa Kinshasa wataniuliza mashimo, hawataniuliza wagonjwa. Mustari ukikatika katikati watasema tumelala. Funga hayo mashimo, kwa karatasi ya leo tu."

"Nifunge na nini, simenti?"

"Na zero. Na usinichekeshe, wageni wako njiani."

Bertille alisema kwamba sifuri na utupu si kitu kimoja. Docteur Olga akajibu kwamba grafiki si jedwali. Hilo lilikuwa kweli, na Bertille akakubali kwa sababu lilikuwa kweli.

Aliichukua safu ya wagonjwa, akaipa jina jipya, kwa_mchoro, ili ile ya asili isiguswe. Kisha akaandika mstari mmoja: kila penye utupu ndani ya kwa_mchoro, weka sifuri. Ndivyo alivyofanya tangu chuo. Katika R, ukikipa kitu jina la pili, kisha ukabadilisha kile chenye jina la pili, lugha yenyewe hutengeneza nakala kimyakimya, na cha kwanza hubaki kilivyokuwa. Hakuwahi kuona vinginevyo. Lakini hii haikuwa vekta ya kawaida. Jina jipya lilikuwa robine ya pili kwenye tangi lilelile. Amri ilikwenda hadi kwenye seva, ikapita safu nzima ya wagonjwa, mwaka baada ya mwaka, ikijaza. Haikutoa onyo, kwa kuwa kwa upande wake hakuna kilichoharibika. Mstari wa grafiki ukanyooka, na wageni wakausifu.

Kesho yake asubuhi Papa Wilfried alipanda kutoka stoo, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa reli kabla treni hazijawa adimu, na alipenda kuwatania wenye diploma.

"Mama ya mashine," alisema, "Zongwe iko kijani."

"Basi haina mugonjwa, Papa."

"Jana asubuhi ilikuwa kijivu. Antena imekufa. Salomon ametuma taarifa na nini, na samaki?"

"Pengine amepanda kilima. Pengine amepatia musafiri ujumbe, akautuma akifika Moba."

"Pengine, pengine. Si wewe njo unatukatazaka hiyo neno?"

Bertille alicheka kidogo. Alikuwa amelipiga marufuku kweli, tena mbele ya watu wote. "Haya, tusibishane. Tuangalie."

Akaomba thamani ya Zongwe kwenye safu ya wagonjwa. Ikaja: 0. Akaigeuza skrini ili mzee aione.

"Unaona? Haiko mimi ninasema. Tablo njo inasema."

"Mimi naona zero. Salomon sijamuona."

"Papa Wilfried, boti ni ndogo. Ukishusha serumu za kutundika kule Zongwe kwa sababu roho yako haitulii, Moba itakosa, na Moba iko nyekundu."

Moba ilikuwa nyekundu kweli, na mzee alilijua hilo. Akavaa kofia. "Sawa, Mama. Kijani ni kijani." Akashuka kupakia, na mchana boti ikaondoka naye.

Alirudi kabla ya Jumapili. Jumanne iliyofuata, mtumbwi wa injini wa wachuuzi wa samaki ulimleta Syntiche, mkunga wa kituo cha Zongwe. Alitembea kutoka ufukweni mpaka biro bila kupita kwa ndugu yeyote. Walimpa kiti na maji. Maji hakuyagusa.

"Boti ilipita," alisema. "Tuliiona. Papa Salomon alikuwa bado na nguvu, alitoa shuka ya kitanda, tukapunga. Ikapita."

Papa Wilfried alikuwa amesimama mlangoni. "Shuka niliiona," alisema. "Kila kijiji kinapungaka, wanataka tuwabebe mpaka Moba." Akaikunja kofia yake mkononi. "Nikapunga na mimi."

Hakuna aliyemtazama.

"Serumu zilikuwa zimekwisha," Syntiche aliendelea. "Wenye kuweza kunywa tuliwapa maji ya chumvi na sukari. Papa Salomon hakuweza tena kunywa. Kila kitu kilikuwa kinarudi."

"Wangapi?" Bertille aliuliza. Ndilo swali alilokuwa nalo.

"Tumezika kumi na tisa. Na Papa Salomon, ishirini. Walio kwenye mikeka sijawahesabu leo." Syntiche alimgeukia. "Nani alisema hatuna wagonjwa?"

"Salomon hakutuma ujumbe?" Bertille akauliza.

"Na nini? Antena imelala juu ya nyumba ya pasta."

Papa Wilfried hakungoja amri. Alishuka stoo, na muda si mrefu sauti za watu wakibeba maboksi zilisikika chini ya dirisha. Bertille alikwenda kwenye mashine. Aliita mstari wa Zongwe tena, safari hii kwa safu mbili: ya wagonjwa, na ya jina la mtoa taarifa. Ya kwanza ilisema 0. Ya pili ilikuwa tupu.

Safu hizo zilikuwa jirani. Siku ile alipomwonyesha mzee skrini, angeandika neno moja zaidi na angeona. Hakuliandika. Njia aliyoisifu ililetea mtu kile tu alichokiomba, naye aliomba namba.

Akatafuta sifuri zote zisizo na jina. Skrini ikajaa, ikaendelea kujaa: Zongwe, vituo vya milimani, vituo vilivyofungwa zamani, kijiji ambacho watu wake walikimbia vita mwaka mzima na sasa kilionekana kuwa na afya njema katika kila wiki ya mwaka huo. Alikumbuka mstari wake mmoja wa kujaza sifuri. Hata hivyo hakutegemea kumbukumbu. Alitengeneza jedwali dogo la majaribio kwenye seva, akaacha pengo moja, akaipa safu jina la pili, akajaza pengo kupitia jina hilo. Akaliuliza jina la kwanza. Lilikuwa na sifuri.

Akaorodhesha vituo vyote ambavyo havikutoa jina wiki ile na iliyotangulia, akashuka kumtajia Papa Wilfried kwa mdomo. "Hivi vyote ni kijivu," alisema. "Usiangalie skrini." Mzee aliitikia kwa kichwa, akarudia majina mara moja. Syntiche alikuwa amekwisha kukaa ndani ya boti, akiupa mji mgongo.

Docteur Olga alikuwa ofisini mwake. Habari za wachuuzi zilikuwa zimefika mkoani, na simu ya huko ilikuwa imemfikia: walitaka kujua kwa nini boti ilipita Zongwe. Bertille alimweleza yote kwa mpangilio, bila kupunguza. Docteur Olga alisikiliza, kisha akainuka na kufunga mlango.

"Kwenye jina, ni tupu?"

"Tupu."

"Ungeweka Salomon."

"Salomon hakutuma."

"Salomon amekufa, Bertille. Hawatamufukuza kazi. Wewe watakufukuza, na mimi nyuma yako. Halafu nani atasoma hii mashine? Kolera haijakwisha. Huko milimani nani atajua nani amenyamaza?"

"Sijui."

"Unaona."

"Na bibi yake aliyebaki mujane? Watu wa Zongwe? Wataambiwa njo yeye alisema hakuna mugonjwa, huku anawatundikia serumu ya mwisho."

Docteur Olga alivua miwani, akaiweka juu ya meza, akaitazama. "Mimi nilikuambia ufunge kwa karatasi," alisema.

"Kwa karatasi, ndiyo. Kwenye tablo ni mimi."

Bertille alirudi kwenye kiti chake. Hoja za mkuu wake alikuwa amezipima, na kila moja ilikuwa na ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba wangemfukuza. Ni kweli kwamba hapakuwa na mwingine wa kuifahamu mashine, na kwamba marehemu hapotezi kazi. Kutoka katika kweli hizo zote haikupatikana hata moja iliyosema kwamba Salomon alituma ujumbe.

Angeweza kuzifuta sifuri zote papo hapo na kurudisha utupu. Alijua pia kwamba zikifutwa tu, hakuna atakayeweza kuonyesha kwa nini boti ilipita, na kila mtu atabaki na maelezo yake. Kwanza zitambulike, kisha zifutwe. Akaandika mstari mmoja, mfupi kama ule wa kwanza: kila penye sifuri, na jina likiwa tupu, weka jina Bertille Kalunga. Safari hii alijua maji yanakwenda wapi. Akabonyeza. Seva ilinguruma kama kawaida yake.

Akaita mstari wa Zongwe, safu zote mbili. 0. Bertille Kalunga. Akatoa nakala ya sifuri zake zote, akaituma mkoani pamoja na maelezo ya aya moja, kisha akazirudisha kuwa utupu. Kwenye skrini ya stoo, ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama, rangi ya kijivu ilisambaa kutoka mwambao hadi milimani.

Ilibaki kazi moja. Taarifa ya Syntiche ilikuwa haijaingizwa. Aliiandika kwa mkono: kituo, Zongwe, mtoa taarifa, Syntiche. Kwenye wagonjwa aliacha wazi, kwa kuwa waliolala kwenye mikeka walikuwa hawajahesabiwa. Kwenye vifo aliandika 20.

Salomon aliingia humo pamoja na wengine. Safu ya vifo haina nafasi ya majina.