Upande wa Kulia

Tulinagwe alikuwa muuguzi msaidizi katika kituo kidogo cha afya cha kanisa, nje kidogo ya Mwaya. Mwaka 1993 kituo kilipopata simu ya upepo, ile ya redio, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Sababu ilikuwa moja tu: kidato cha nne alifaulu Kiingereza kwa alama B, na mganga wa kituo, mzee Hebroni, alikuwa amekiona cheti kwa macho yake.

"Wewe ndiye Mzungu wetu," alimwambia akicheka, akamvutia kiti mbele ya ile mashine ya kijivu.

Na kweli Kiingereza alikijua, ila alikijua kwenye karatasi. Angeweza kukuandikia barua ya ukurasa mzima usione kosa hata la nukta. Lakini tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuzungumza na mtu ambaye hiyo ndiyo lugha yake, na walimu waliomfundisha nao walifundishwa na Wanyakyusa wenzao. Mwaka mzima hilo halikumdhuru. Simu alizopiga zilikwenda Kyela na Mbeya, na huko walielewana kwa Kiswahili.

Kisha ikaja Aprili. Watu wa Kyela wanaijua Aprili yao. Mvua ilinyesha siku sita mfululizo, mito ikafurika, mashamba ya mpunga na barabara vikawa kitu kimoja. Siku ya sita wakamleta Angetile kwenye machela, mke wa mkulima wa Ngonga aliyekuwa amekuja kwa mama yake kujifungua. Uchungu ulikuwa umeingia siku ya pili na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Alihitaji kupasuliwa, na pale kituoni hapakuwa na wa kumpasua.

Mzee Hebroni akaomba ndege kupitia Mbeya. Ilikuwapo ndege ndogo ya wamisionari iliyotoka upande wa Malawi, ikichukua wagonjwa wa pande zote mbili za ziwa. Saa tisa alasiri wakaisikia ikinguruma juu ya mawingu.

Uwanja wake ulikuwa uwanja wa mpira wa shule. Nusu ya kushoto ilikuwa imejaa maji, lakini majani yalikuwa marefu, hivyo kutoka juu rubani angeona kijani kitupu. Nusu ya kulia ilikuwa kavu.

"Mwambie atue upande wa kulia," alisema Hebroni. "Kulia tu!"

Tulinagwe akabonyeza kitufe. Kichwani maneno yalikuwa sawasawa. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kitu kama "landi oni ze laiti saidi."

Rubani akauliza: taa? Taa gani? Iko wapi hiyo taa?

Akarudia, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Rubani akasema haoni taa yoyote. Akarudia tena, na kadiri alivyoogopa ndivyo maneno yalivyozidi kukimbiliana na kushikana. Ndege ikazunguka mara nne. Mara ya tano rubani akasema kwa upole kwamba mawingu yanashuka, hajui pa kutua, na hawezi kuwaua watu wa chini ili amwokoe mmoja. Ngurumo ikafifia kuelekea ziwani.

Wakambeba Angetile kwa mtumbwi, wakauvusha juu ya mashamba ya watu hadi palipokuwa na barabara, wakapata lori. Alifika hospitali usiku. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Hakuna aliyemlaumu Tulinagwe. Mzee Hebroni alisema hata ndege ingetua, pengine mambo yangekuwa yale yale. Lakini Tulinagwe alijua alichokisikia kwenye sauti ya yule rubani: mtu anayetaka kusaidia na haelewi anachoambiwa. Juma hilo hilo aliuweka ufunguo wa chumba cha simu mezani kwa mganga.

"Tafuta mwingine, mzee."

"Mwingine yupi?" Hebroni aliuliza. Tulinagwe akatoka. Ufunguo ukakaa pale pale mezani.

Ilipita miezi miwili. Asubuhi moja Tulinagwe alikuwa akipanga kadi za wagonjwa, akasikia mtu akimsalimu, "Ugonile, dada." Akainua macho. Alikuwa Angetile, amekonda, amejifunga kitenge cha bluu. Tulinagwe akayashusha macho yake haraka kwenye kadi.

"Nimesikia umekataa simu," Angetile akasema, akaketi bila kukaribishwa. "Siku ile nilikuwa nakusikia. Ukuta wenu ni mwembamba. Nilikuwa nimelala, nakusikia unamwita yule mtu mpaka sauti inakauka. Sikuwa na mwingine wa kuniitia, dada. Ndaga."

Asante! Tulinagwe alishindwa kuzuia machozi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, lakini si kwa neno hilo.

Angetile akamwacha alie, kisha akaendelea kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mchele wake huuza Kyela mjini, kwa mama mmoja mwenye duka la vitambaa, Bi Habiba, mtu wa asili ya Tanga. Siku moja waliingia dukani Wazungu wawili, Bi Habiba akazungumza nao, nao hawakumwomba arudie hata neno moja. "Jumamosi tunakwenda. Baiskeli unayo."

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Kwa sababu nitazaa tena," Angetile akasema. "Na mvua itanyesha tena."

Bi Habiba alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Duka lake lilikuwa miongoni mwa yale yaliyochangamka tangu biashara iachiwe watu binafsi: kanga na vitenge mpaka darini, sabuni za Malawi mlangoni. Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, akamgeukia Tulinagwe.

"Nilikulia Zomba, kule Malawi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani huko. Nikafanya kazi ya simu Blantyre miaka tisa, kuunganisha watu. Nyaya mbovu, mvumo mtupu, na watu wakali. Haya, niambie ulivyomwambia rubani."

Tulinagwe akasema, masikio yakimwaka moto.

Bi Habiba hakucheka. "Kiingereza chako hakina ubovu, mwanangu. Midomo ndiyo haijafundishwa." Akampa kioo cha mkononi. "Sema tena, ujitazame."

Hapo ndipo Tulinagwe alipoona kwa mara ya kwanza ulimi wake unafanya nini. Kila alipotaka kusema kulia kwa Kiingereza, ncha ya ulimi ilipanda na kugusa nyuma ya meno, na kulia kukageuka taa. "Usiguse popote," Bi Habiba alimwelekeza. "Ukunje, uuache hewani, midomo uikusanye kidogo kama unapuliza uji. Ukigusa tu, umewasha taa." Kisha akamwonyesha namna ya kumalizia: neno likiisha kwa t, linaishia pale. "Umezoea kulitia i mwishoni kwa sababu maneno yetu yote yana irabu mwishoni. Lifunge kama mlango."

Na lile "ze"? Bi Habiba akamwambia hiyo sauti hahitaji kwenda Ulaya kuitafuta, imo kwenye Kiswahili. "Sema dhahabu."

"Zahabu."

"Umeona? Ulimi utoke kidogo katikati ya meno. Dhahabu. Dhambi. Dhaifu."

Angetile, aliyekuwa ameketi juu ya gunia la mchele, naye akawa ananong'ona dhahabu, dhambi, dhaifu, mpaka wote watatu wakaangua kicheko.

Wakaendelea hivyo kila Jumamosi, Tulinagwe akiendesha baiskeli kwenda na kurudi. Bi Habiba hakutaka malipo, akapokea ndizi tu na wakati mwingine samaki. Alikuwa mwalimu mkali. Alimfundisha kwamba Kiswahili kina mahali pamoja pa kukazia neno, lakini Kiingereza kila neno lina pake; kwamba kwa Kiingereza kumi na tano na hamsini vinafanana mno masikioni, ila kumi na tano uzito unakaa mwishoni, na hamsini uzito unakaa mwanzoni. Akamrudisha kwenye hayo mawili Jumamosi tatu nzima. "Hapa ndipo watu wanapouawa na dawa," alisema.

Alipoona ameshika, akamfanyia jambo ambalo Tulinagwe hakulitarajia. Aliiweka redio yake katikati ya stesheni mbili, ikawa inavuma na kukwaruza kwa sauti ya juu kabisa, kisha akaenda kujificha nyuma ya marobota ya vitambaa. "Sasa mimi ni ndege, niongoze nitue!" akapaza sauti. Tulinagwe alipopiga kelele, Bi Habiba hakuitika. Alipokimbiza maneno, hakuitika. Alipotulia, akasema neno moja moja na kuacha nafasi katikati, sauti ikatoka nyuma ya marobota: "Nimekupata." Wateja waliokuwa dukani wakapiga makofi, hawajui wanashangilia nini.

Siku moja Tulinagwe alimwuliza kama ataongea kama Mzungu hatimaye.

"Wa nini? Wazungu tayari wapo," Bi Habiba alisema. "Ongea kama mtu wa Mwaya anayesikika."

Desemba ufunguo wa simu ukarudi mfukoni mwa Tulinagwe. Mzee Hebroni alikifuta kiti vumbi.

Aprili iliyofuata mvua ilinyesha kama ilivyo ada yake. Safari hii mgonjwa alikuwa mzee Anyosisye, mkulima, ngiri imemkaba na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Barabara ilikuwa imekatika tena. Ndege ikaja. Sehemu ya mwanzo ya uwanja ilikuwa tope, na kushoto kulikuwa na maji.

Tulinagwe akavuta kiti karibu. Akasubiri mpaka rubani amalize. Kisha akamwambia kwa Kiingereza, neno baada ya neno: mita hamsini za mwanzo ni tope, zivuke. Kaa upande wa kulia. Kulia.

Mashine ikavuma na kukwaruza. Halafu rubani akarudia yote kama yalivyo, hamsini ikiwa hamsini, na kulia ikiwa kulia. Akamalizia kwa kusema, asante mama, nakusikia vizuri sana.

Magurudumu yaligusa majani makavu. Watu waliokuwa wamesimama kando ya uwanja wakapiga vigelegele, lakini Tulinagwe hakuwaona. Alikuwa bado amekaa kitini, amekishika kitufe, ingawa hakuwa na la kusema tena. Baada ya wiki tatu mzee Anyosisye alirudi akitembea kwa miguu yake, akilalamika kwamba hospitali walimnyima ugali.

Jumamosi iliyofuata Tulinagwe alimpitia Angetile, wakaenda Kyela pamoja. Angetile alikuwa na mimba ya miezi mitano, akakaa nyuma ya baiskeli akishikilia kikapu cha mchele mpya. Dukani, Tulinagwe alipiga magoti mbele ya kaunta kama wanavyofanya kwao wakimshukuru mkubwa.

"Ndaga fijo, mama. Ametua. Mzee amepona."

"Inuka, inuka bwana, utachafua gauni." Lakini Bi Habiba mwenyewe alikuwa amevua miwani. Akamtaka asimulie yote, tangu mlio wa kwanza mpaka mzee kurudi, na alipofika mwisho akamtaka asimulie tena. Kisha akaanza kukunja kanga ambayo ilikuwa tayari imekunjwa.

"Miaka tisa niliwaunganisha watu," akasema. "Mtu analia, anataka hospitali. Mtu anamtafuta mtoto wake Salisbury, Harare ya leo. Namuunganisha, nasikia wameanza kuongea, nachomoa waya, naingia kwa mwingine. Sikuwahi kujua hata mmoja aliishia wapi. Hii ndiyo simu ya kwanza maishani mwangu niliyoambiwa mwisho wake." Akampangusa Tulinagwe shavu kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo asante ni yangu kwako, mwanangu."

Akafunga mlango wa duka saa tano asubuhi, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona, akawasha jiko la mkaa uani. Wakapika ule mchele mpya, wakaula na samaki, wanawake watatu kwenye mkeka mmoja, mvua ikianza upya juu ya bati.