Wingu Chini ya Kioo

Mwalimu wa sayansi aliingia dukani kwa Mama Fremu amenuna, akaiweka mezani picha kubwa ya anga, iliyotiwa fremu ya kioo dukani humo zamani: wingu jekundu la gesi na vumbi, ambamo nyota huzaliwa.

"Miaka yote hii nawaonyesha wanafunzi huu ukungu wa pembeni, nawaambia hapa kuna nyota changa zinajikusanya. Leo mmoja kaniuliza, 'Mwalimu, hiyo si alama ya kidole cha mtu?'"

Mama Fremu aliinama kutazama, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikamkauka. Alama ile ilikuwa upande wa ndani wa kioo, na mwenye alama hiyo alimjua. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akifunga fremu, na kila mara alisahau kufuta kioo kwa ndani. Jinsi alivyomgombeza! "Baba wee, hilo dole gumba lako litatufukuzia wateja!"

"Si unafuta tu?" mwalimu aliuliza.

"Sifuti. Nakuwekea kioo kipya, bure."

Mwalimu alipoondoka na picha yake, Mama Fremu alikipachika kile kioo cha zamani kwenye fremu tupu, akaitundika karibu na mlango, penye mwanga. Mistari ya dole ilijikunja kama wingu lile. Alitamani kuweka gumba lake juu ya alama ile. Akajizuia.

Wateja wanamsumbua hadi leo. "Mama, mbona fremu hii haina picha?"

"Inayo," huwajibu kwa ukali. "Sogea uone. Lakini ole wako uguse!"