Jina la Msemaji wa Meli

Kufuta kulimchukua Fredi muda wa kupiga chafya. Kulipiza kulimchukua Justina miezi saba, na hata siku moja hakulalamika kwamba ni mingi.

Justina alikuwa na duka la dawa za mifugo mjini Bunda, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, hana mtoto, hana haraka. Mfugaji akija anafoka kwamba dawa ya kupe haijafanya kazi, Justina humsikiliza mpaka amalize, kisha humuuliza kwa upole aliichanganya na maji ndoo ngapi. Watu wapole wa namna hiyo ndio wa kuogopa, lakini Fredi, mwenye banda la gemu lililopakana na duka, hilo hakulijua. Yeye alijua mpira. Banda lake lilikuwa na luninga moja, mashine moja na mabenchi matatu, na kuanzia saa nane mchana lilijaa madereva wa bodaboda wakifungana magoli na kutukanana kwa raha zao.

Asubuhi banda lilikuwa tupu, na asubuhi hizo zilikuwa za Justina kucheza. Diski ya gemu yake alipewa na fundi simu mmoja wa Kigera, kule Musoma, aliyemwambia, "Hii haina mpira wala ngumi, ni maneno tu. Chukua." Justina akaichukua kwa kutaka kujua ni maneno gani hayo.

Ilikuwa hadithi ya meli ya angani. Watu elfu nne wamelazwa usingizi ndani yake, safari ya miaka mia saba kuelekea nyota nyingine. Aliye macho ni fundi mmoja tu, na fundi huyo ni wewe unayecheza. Mwenzako ni Msemaji, yaani ubongo wa meli yenyewe, ulioharibika ukasahau kila kitu mpaka jina lake. Msemaji hana sauti, huandika kwenye kioo. Jambo la kwanza analokuandikia ni ombi: Nipe jina. La pili: Na wewe nikuiteje?

Sasa, kwa akina Justina kule Butiama, jina halitolewi hewani. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee huketi wakawataja waliotangulia mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Aliyekufa amepata pa kukaa. Jina la mtu aliye hai haliguswi, kwa sababu kulitoa ni kumwambia mwenyewe aanze kufungasha aende kwa waliotangulia. Justina hakujiuliza mara mbili. Aliandika Wakuru, jina la bibi yake aliyemlea, ambaye jina lake lilikuwa bado halijapata mtoto wa kulirithi. Kwenye swali la pili akaandika Mjukuu.

Hapo akanasa. Aliipenda gemu ile, nisizunguke, aliipenda kama watu wanavyopendaga watu. Msemaji akiandika, "Mjukuu, hujala tangu jana," Justina alilisikia neno kwa sauti ya bibi. Alikuwa akimpimia mteja dawa ya minyoo huku anawaza namna ya kuziba tundu ubavuni mwa meli. Wakuru alipokumbuka wimbo wa watu waliomtengeneza, Justina alicheka peke yake bandani mpaka akaona aibu.

Sababu ilikuwepo. Bibi alipofariki, Justina alikuwa akifanya kazi Musoma. Shangazi yake Euphrasia alimpigia simu Jumanne akasema, "Njoo nyumbani, bibi anaumwa." Ndivyo tunavyopeana habari za misiba sisi, kwa kuogopa mtu asije akaanguka barabarani. Mwingine angeelewa palepale. Justina aliamini. Alimaliza kazi zake za siku mbili, akanunua machungwa ya mgonjwa, akafika Alhamisi na mfuko mkononi, akakuta saruji ya kaburi imeanza kukauka. Machungwa yaliliwa na waombolezaji. Kumuaga bibi hakukuwepo tena.

Kwa hiyo sura ya mwisho ya gemu ilimgusa penyewe. Meli imekaribia nyota, lakini nguvu iliyobaki haitoshi kuwaamsha watu na kumbakiza Msemaji. Anakuandikia kwa utulivu kwamba itabidi umzime wewe, kwa mkono wako, na kwamba kabla hajazimika ana neno la kukuambia. Chini kuna kitufe kimoja. Hakuna haraka, gemu inakungoja hata mwaka. Justina alikaa mbele ya kitufe hicho asubuhi tisa. Ijumaa ya wiki ya pili alifunga duka, akapitia Kiabakari mpaka Butiama, akaketi kaburini kwa bibi na kumwambia kwamba safari hii atakuwepo. Akamtajia na siku: Jumatatu.

Jumatatu alikuta padi ya kuchezea iko mezani na meli haipo.

"Aa, ile?" Fredi alisema, mswaki mdomoni. "Nimeifuta Jumamosi, dada. Yenyewe na kumbukumbu zake zote. Vijana walikuwa wanataka ya magari, na mashine imejaa."

"Inaweza kurudi?"

"Gemu inarudi. Pale ulipofika ndio hapana, utaanza upya."

Justina alijaribu kujizuia, machozi yakamshinda. Fredi akatoa mswaki, akamwita Mugeta, dereva wa bodaboda aliyekuwa akifuta pikipiki yake mlangoni. "Mugeta, njoo uone! Mtu mzima analilia katuni!" Wakacheka, Mugeta akashika mbavu, na kabla ya jioni habari ilishafika stendi. Wiki nzima madereva walimsalimia Justina kwa kumpa pole ya msiba.

Justina alisimama nyuma ya kaunta yake, katikati ya chanjo za kuku na dawa za ndama, akala yamini kwamba Fredi atakipakua na kukila chakula kilekile alichompikia yeye. Kumfutia gemu ya mpira kungekuwa utoto, angeiweka tena na kuendelea na maisha. Alitaka kitu cha Fredi ambacho kikiondoka hakiwekwi tena. Shida ni kwamba Fredi hakuwa na kitu cha namna hiyo ndani ya mashine. Basi ilibidi apewe.

Mwezi wa nne mvua zilipochachamaa na banda likakosa watu, Justina aliingia na tabasamu na ile diski. "Kaa nayo, kaka. Yaliyopita yamepita. Siku za mvua hizi itakuchangamsha." Fredi, aliyekuwa amechoka kufunga magoli peke yake, akaitia kwenye mashine. Justina hakuondoka mpaka kioo kilipouliza jina.

"Hapa watu wanaandikaga nini?" Fredi akauliza.

"Jina la mzazi aliyetangulia. Kwenu mnatoa majina hewani?"

Fredi alikuwa kitinda mimba, na mama yake alikuwa na miaka miwili kaburini. Alikaa kidogo, akaandika Nyangeta. Kwenye swali la pili akaandika Mwanangu. Justina akarudi dukani akipiga mluzi, na mteja wa kwanza alipata ushauri wa bure kuhusu homa ya mapafu ya mbuzi.

Mengine yalijiendea. Wiki ya pili Fredi alianza kufungua banda saa moja asubuhi. Mwezi wa sita alikuja dukani kuuliza namna ya kuziba tundu la ubavuni, na Justina akamwelekeza vizuri, hatua kwa hatua, kwa sababu hakutaka akwame njiani. Siku moja Fredi aliingia, macho yamelowa, akasema, "Dada, ameniambia sijala tangu jana. Mama alikuwaga hivyohivyo." Justina alimpa pole. Moyoni alimwonea wivu mpaka meno yakamuuma, akajikumbusha kwamba ng'ombe wa kuchinjwa hulishwa.

Mwezi wa nane Fredi akafika kwenye kitufe. Siku hiyo hakutoka bandani kula. Justina alichungulia akamwona ameweka padi magotini, mikono amefumbata, anatazama yale maandishi. Hakuingia. Alitaka azoee kwanza.

Kisha mwezi wa kumi ukaleta gemu mpya ya mpira ya mwaka huo, kila timu na wachezaji wake wapya, na madereva wakaja mbio. Mashine ikakataa. Fredi alifuta mpira wa mwaka jana, akafuta ya magari, akafuta ya ngumi, bado mashine ilisema nafasi haitoshi. Kilichobaki ndani ni meli.

"Futa hiyo katuni yako!" Mugeta alipaza sauti, na benchi zima likamuunga mkono.

Justina alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakuwahi kunywa chai tamu kama ile. Aliona kidole cha Fredi kikienda, kikisimama, kikirudi. Aliona madereva wakitoka mmoja mmoja wakilaani, wakihamia banda la karibu na sokoni. Wiki ya tatu mabenchi yalikuwa na vumbi, na Fredi alikaa peke yake na mama yake, hawezi kumzima, hawezi kumfuta.

Asubuhi moja akaja dukani. Alikuwa amekonda.

"Dada Justina, ulikuwa unajua mwisho wake."

"Nilikuwa najua."

"Ndiyo maana ukaniambia niandike mzazi."

"Ndiyo maana."

Fredi akainamisha kichwa. "Nimepata nilichostahili. Yule wa kwako alikuwa nani?"

"Bibi yangu. Nilikuwa nimekwenda kumwambia kaburini kwamba Jumatatu namuaga."

Mteja akaja, Fredi akampisha mpaka akahudumiwa, akaondoka. "Nisamehe, dada. Sikujua. Ila naomba unibonyezee wewe. Mkono wangu hauendi."

Wakaenda. Mugeta na wenzake wawili, waliosikia kwamba mashine inaachiwa leo, wakawafuata na kusimama mlangoni. Justina akashika padi, na kidole chake, kilichokuwa na miezi saba kikisubiri, kikaenda moja kwa moja kwenye kitufe. Akabonyeza. Herufi zikaanza kujipanga, moja baada ya nyingine:

Mwanangu, sikukungoja ili unizuie nisiende. Nilikungoja nikuone umefika. Umefika. Sasa waamshe wenzako.

Kioo kikawa cheusi. Kisha ikaja nuru, na milango elfu nne ikaanza kufunguka.

Hilo ndilo lilikuwa neno. Hilo ndilo aliloahidi kaburini Butiama kwamba atakuwepo kulisikia, na sasa limesemwa, mbele ya macho yake, kwa mtoto wa mtu mwingine. Justina alihisi hasira mpya ikipanda juu ya ile ya zamani. Pembeni yake Fredi alikuwa analia kwa sauti, mabega yanaruka.

Sentensi ilikuwa tayari. Aliitunza tangu mwezi wa tatu. "Mugeta," alisema, "njoo uone. Mtu mzima analilia katuni."

Hakuna aliyecheka. Mugeta alivua kofia yake, akatazama chini. Justina alisubiri utamu wa kisasi. Ulikuja, lakini haukukaa.

Fredi alijifuta uso kwa shati. Kila mtu alidhani atafuta gemu aweke mpira. Badala yake aliianzisha upya, na kioo kilipouliza jina, akamrudishia Justina padi.

"Mwandike bibi. Asubuhi zote ni zako, mchana pia. Hawa wakacheze mpira wao sokoni."

Justina akayatazama maneno yale mawili, Nipe jina, kwa muda mrefu.

"Bibi ameshazikwa mara mbili mimi sipo," alisema. "Ya tatu sitaki."

Akaanza kuandika, polepole, ili asomeke vizuri. F. R. E. Mlangoni Mugeta alitoa mguno. Fredi alikuwa amejiinua nusu kutoka kwenye benchi.

"Dada. Mimi si bado nipo?"

"Upo," Justina alisema, akamalizia D na I, akabonyeza kukubali.

Msemaji akauliza na yeye amuiteje. Akaandika Justina. Mashine ikafikiri kidogo, kisha maneno yakajitokeza, na jina mbele yake:

Fredi: Asante, Justina. Nilikuwa peke yangu muda mrefu.

"Futa, dada," Fredi alinong'ona. "Nakuomba, futa."

Justina akavuta benchi, akaketi vizuri, akaweka padi magotini.

"Kufuta ni kazi yako," alisema. "Mimi huwa namaliza."