Mstari wa Pili

Mtu akishaanza kumshuku mkewe, hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi huona ni njama. Fundi Fomu, kama walivyomwita kazini, alianza Jumatatu asubuhi, dada yake alipompigia simu kutoka hospitali. Dada ndiye aliyempeleka binti wa Fundi kuchukua dawa ya pumu, na dirishani wakaambiwa mtoto hayumo. Baba yumo, mama wa kambo yumo, mtoto ameondolewa. Pampu ya kuvuta ilikuwa imebakiza siku tatu, na dawa yenyewe haiuzwi madukani.

"Mama wa kambo si mama," dada alisema. "Nilikwambia mapema, ukaniona mchawi."

Aibu ilikuwa ya aina yake, maana Fundi alifanya kazi kwenye bima hiyohiyo ya afya, na fomu ya kuandikisha familia aliitengeneza kwa mikono yake. Mwanachama anakaa juu, na chini yake, ndani ya fomu hiyohiyo, kuna mistari ya wanaomtegemea, kila mstari na namba yake. Yeye mwenyewe aliandika mke mstari wa kwanza, na kitoto chao kichanga mstari wa pili. Binti yake wa ndoa ya kwanza alikuja kuishi nao baadaye kidogo, akashika wa tatu. Kitoto kilifariki kikiwa na siku arobaini. Miezi saba ilikuwa imepita, na kila alipoifungua fomu ile, Fundi aliruka mstari wa pili kwa macho.

Alifungua kumbukumbu. Jumamosi, saa kumi alasiri, fomu ilirekebishwa kutoka kwenye simu ya mkewe. Nywila alimpa mwenyewe. Baada ya hapo mtegemezi alibaki mmoja tu: mke.

Amejibakiza peke yake, Fundi alijisemea. Amewafuta wote, aliye hai na asiye hai. Kikulacho ki nguoni mwako. Mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani: zile simu alizozungumza akiwa amempa mgongo, ule ukimya wake wa mwisho wa wiki, viatu vya shule alivyomnunulia mtoto vikampwaya. Mpaka inafika mchana, viatu vile vimekuwa ushahidi.

Hakungoja jioni. Alimkuta mkewe nyumbani kwenye cherehani, maana ushonaji ndiyo kazi yake, akikunja pindo la sketi. Fundi hakukaa. Alimuuliza kama Jumamosi aliifungua fomu ya bima.

"Niliifungua."

"Ukafuta?"

Mkono wa mwanamke ulisimama juu ya gurudumu. "Nilifuta," alisema taratibu.

Basi, Fundi akaona amekwisha kukiri. Alisema kama mtoto wake anamkera, angemwambia mapema ampeleke kwa dada, kuliko kumnyima dawa. Mkewe akakata uzi kwa meno.

"Mpeleke basi," alisema, "kama ndivyo unavyoniona."

Alirudi kazini na hasira zake zote. Alitaka kuchapisha ushahidi kwenye karatasi, awapelekee wakwe wausome wenyewe. Kumbukumbu ya asubuhi ilionyesha kilichohifadhiwa tu, kwa hiyo alichimba chini zaidi, mahali mfumo unapoweka kila fomu kama ilivyotoka kwa mtumaji kabla haijaguswa. Akaisoma.

Mstari wa kwanza, mke. Mstari wa tatu, binti. Wa pili haukuwepo.

Alisoma tena, safari hii akifuata kwa kidole. Binti alikuwamo mzima, jina na tarehe ya kuzaliwa. Kwenye nafasi ya maelezo ya ugonjwa, ambayo baba yake aliiacha tupu miezi yote hiyo, palikuwa pameandikwa: "Ana pumu. Vumbi linamsumbua kuliko baridi. Usiku analalia mito miwili." Chini yake, mtu wa kupigiwa simu kukiwa na dharura: namba ya mshonaji. Uhusiano: mama.

Fundi alijua tayari kosa liko wapi, maana ni lake. Programu yake ilisoma mstari wa kwanza, ikatafuta wa pili, isiuone, ikadhani orodha imekwisha. Ikaishia hapo, na mtoto amesimama mlangoni na namba yake ya tatu. Kisha ikafuata amri nyingine aliyoiandika kwa mbwembwe: asiyesomwa ahesabiwe amefutwa. Alipoijaribu siku zile alifuta mstari wa mwisho kila mara, ikafanya kazi, akapongezwa. Kumfuta wa katikati hakukumjia akilini hata siku moja.

Alirekebisha programu isome kila mstari kwa namba yake hata pakiwa na pengo, na isimfute mtu ila mstari wenyewe useme hivyo. Akatafuta wengine walioponyoka, akakuta familia kumi na tisa. Sijui nyumba ngapi kati ya hizo zilikuwa zimekwisha kununiana. Alimrudisha binti yake, akampigia dada aende dirishani tena. Dada alitaka kujua ni nani basi aliyemfuta mtoto.

"Ni mimi," alijibu, akakata simu.

Saa kumi na moja aliingia nyumbani akakuta begi la mtoto mlangoni, limefungwa. Ile sketi ya mchana ilikuwa juu yake, imepigwa pasi, na karatasi ya maelekezo ya pampu imebanwa kwa pini. Mkewe alikuwa amekaa na binti kitandani, akimsuka.

Fundi alisimama akaeleza yote, pengo, namba, amri yake ya kijinga. Aliomba radhi mbele ya mtoto. Mkewe aliendelea kusuka mpaka akamaliza msuko aliokuwa nao mkononi.

"Nilimfuta mmoja," alisema. "Nilishika ile simu tangu adhuhuri, kidole hakiendi. Wewe hukuweza, nikaona nikupunguzie mzigo." Akafuta macho kwa kiganja. "Na hukuniuliza ni nani."

Fundi alilifungua begi akaanza kurudisha nguo kabatini moja moja, na mkewe hakumsaidia.